Hodi Tatu

Bi Mize binti Kombo amekaa kwenye benchi la mahakama ya kadhi, Wete,
mkoba mapajani, kaukamata kama mtoto wa watu.
Anataka karatasi ya talaka yake.
Mwaka tisini na nane, anasema, baada ya Idi Kubwa,
tarehe haijui. Mvua ilinyesha, na yeye alikuwa keshaanika.

Daftari la mwaka huo mchwa wamelila nusu.
Nusu nyengine tuliipiga picha, ukurasa kwa ukurasa,
na picha zimo kwenye sanduku jeusi huko Chake,
diski nne ndani yake zikizunguka usiku kucha
kama mtu mwenye deni.
Mimi niko hapa. Sanduku liko kule.

Kompyuta ya ofisi haina cha kubofya,
kipanya chake kilikufa tangu Rajabu;
kilichobaki ni kioo cheusi na kijistari kinachopepesa,
kikingoja useme la maana.

Naanza kwa hodi. Mashine nazo zina adabu zao.
Nataja namba ya nyumba, nukta kwa nukta.
Hodi ya kwanza: kimya.
Ya pili: kimya.
Bi Mize ananitazama mdomo. "Hawamo?"
Tulifunzwa chuoni, kabla ya kujua hata kuhesabu:
hodi ni tatu, usipojibiwa rudi, wala usinune.
Kabla ya ile ya tatu nikainama chini ya meza.
Waya umelegea, mtu kaufunga kwa uzi wa gunia.
Nikausukuma mpaka ukalia tk.
Hodi.
Karibu.
Kutoka Chake, milisekunde nne. Hata mate hujayameza.

Sasa folda, na iwe tupu.
Ukipachika cha mwenzako juu ya chako, chako hakifutiki,
hufichika tu, mkeka wa zamani chini ya zulia la wageni.
Naifungua. Naiandika amri yenyewe,
naitamka kwa sauti, mazoea mabaya: maunti.

"Mauti?" Bi Mize kasimama. "Kwani mshapata habari?"
"Hapana, bibi. Ni kupachika tu,
diski ya kule ionekane imo humu."
"Na hiyo ndiyo mkaiita mauti."

Huna ruhusa, yasema mashine.
Naandika upya, kwa jina la mkuu wake,
na neno la siri lisiloonyesha hata nyota moja;
vidole vinakwenda gizani kwa kukumbuka.

Kimya.
Asiyejua hudhani amekataliwa.
Kadhi wetu angefahamu:
idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili, mstari wa tisa.
Khatib bin Makame. Mize binti Kombo.
Talaka moja, mashahidi wawili, Mfungo Tatu.
Wino umetota pembeni. Kumbe mvua ilikuwa kweli.

"Khatib kafa Ijumaa," anasema, karatasi ingali ya moto mkononi.
"Wanawe wamekuja na kaniki, nikae eda.
Mmoja kaninong'oneza: nyamaza, bibi, ukiwa mkewe una thumuni yako,
mikarafuu ile, na nyumba ya Kizimbani."
Anaikunja mara mbili, kisha ya tatu.
"Mtu hakunilisha miaka ishirini na kitu,
leo nimlie kwa malipo?"
Elfu mbili ya karatasi kaiweka juu ya meza, sarafu tupu,
akatoka bila kungoja risiti.

Nikataka kupachua.
Mashine ikakataa: kifaa kinatumika.
Nikauliza nani yumo ndani, mstari kwa mstari,
nikidhani labda Chake, labda mtu wa zamu.
Ilikuwa ni mimi.
Nilikuwa bado nimesimama ndani ya folda ile,
mstari wa tisa ungali wazi.

Nikarudi nyuma hatua moja.
Nikaandika tena.
Kimya.